Walezi Hulala kwa Bi Mkubwa

Daktari Salha Kapaya hakuwa na wivu. Aliwaambia hivyo mashoga zake, akamwambia mama mkwe wake, na alijiambia mwenyewe kila Ijumaa ya zamu mumewe alipofunga mkoba wake mdogo na kuelekea Ng'ambo kwa mke mdogo, zamu ya wiki nzima. Mwanamke aliyesoma akafika alipofika yeye, wivu wa nini? Basi asubuhi ile, mlango wa maabara ameufunga kwa ndani na jicho amelibandika kwenye hadubini, alikuwa anapekua uchafu wa tumbo la mumewe kwa ajili ya sayansi tu.

Mbele yake kulikuwa na visahani viwili. Cha kushoto kilikuwa na sampuli ya wiki ambayo Mrisho alilala kwake, Isevya. Cha kulia kilikuwa cha wiki aliyolala kwa Riziki. Salha alianza na cha kulia, akajuta. Kijani kitupu. Walezi walikuwa macho karibu wote, waking'aa, kila mmoja akitoa tone lake la dawa ya sukari. Akahamia kushoto. Huko kulikuwa giza, mmoja mmoja tu anamulika hapa na pale. Waliobaki walikuwa wazima, wanene, wamelala fofofo.

"Nyie," akawaambia kwa sauti. "Mimi nimewakosea nini?"

Siku hizo hakuna mtu Tabora aliyejichoma sindano ya sukari. Mgonjwa alimeza kidonge kimoja, basi. Ndani ya kidonge walikuwamo bakteria waliofunzwa kazi, wote uzao wa mama mmoja. Walitua tumboni, wakajenga, wakawa wanasikilizia sukari ikipanda na kuishusha. Watu waliwaita walezi, na aliyekuwa akiwagawa katika Nyumba ya Walezi, aliyepigiwa saluti na wagonjwa sokoni, alikuwa Salha. Kwa watu wengi walezi waliamka wenyewe na kazi ikaanza. Kwa wachache walilala, na hakuna aliyejua kwa nini. Mrisho alikuwa mmoja wa hao wachache, tena kwa nusu: alikuwa mgonjwa Isevya na mzima Ng'ambo.

Aibu yake ilionekana kwa macho. Mrisho, fundi wa mitambo ya reli, alikanyaga msumari karakanani, na kidonda cha kisigino kikawa ndicho kipimo cha wake zake. Wiki ya Ng'ambo kilikauka na kujikunja. Wiki ya Isevya kililia maji. Daktari wa mguu alikuwa ameshasema: mwezi ukiisha hakijafunga, wanakata. Mama mkwe naye hakuwa na haja ya kusoma ili ajue hesabu hiyo. "Salha mwanangu," aliuliza mbele ya wageni, "hivi wewe unampikia nini mwanangu?"

Kwa hiyo Salha aliomba Mungu vinasaba vya walezi wa visahani vile viwili viwe tofauti. Vikiwa tofauti, maana yake Riziki kamlisha mume vijidudu vya ajabu, na hapo kuna kesi, kuna polisi, kuna talaka pengine. Alikuwa ameshaipanga hotuba. Mashine ya kusoma vinasaba ikatoa jibu lake bila kumwonea mtu huruma. Wa kushoto na wa kulia walikuwa walewale, herufi kwa herufi. Hakukuwa na mgeni, wala aliyebadilika. Walezi haohao waliomfanyia Riziki kazi kama watumwa ndio waliokuja kulala kwake.

Akazima hadubini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Jumapili, wiki ya Riziki, alikwenda Ng'ambo mchana. Tangu ndoa ile ya pili ifungwe hakuwahi kuvuka kizingiti cha mke mwenzie. Walikuwa wanakutana misibani na kwenye harusi, wanachekeana kwa meno, kila mmoja anarudi kwake.

"Hodi humu."

"Karibu... Eh! Dada Salha!" Riziki alisimama mlangoni na mwiko mkononi, unga umempaka hadi kiwiko. "Baba Nyamizi, njoo uone nani kaja! Karibu ndani, dada. Kuna nini? Kuna msiba?"

"Msiba wa nini? Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani tena? Mbona mzima."

Riziki hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuudhi Salha zaidi. Mrisho alitokea nyuma, anatembea kwa mguu mzima, amenawiri usoni. Alivyomwona mke mkubwa pale alisimama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Salha aliangalia nyumba. Kwake Isevya, kama kwa watu wote wenye uwezo tangu ile miaka ya homa, mlango ulimpulizia kila aingiaye ukungu wa dawa, taa za zambarau ziliua vijidudu ukutani, na sahani zilitoka kwenye mashine zikiwa za moto. Hapa kulikuwa na jagi la maji na sabuni ya kipande. Kuku aliingia, akatazama, akatoka bila kuulizwa na mtu. Hapa ndipo walezi wanapoamka! Aliona ni dharau aliyofanyiwa yeye binafsi.

Wakakaa mkekani. Ugali, mlenda, dagaa, sinia moja. Salha alisema ameshiba, akakaa pembeni na mkoba wake mapajani. Nyamizi, binti yao aliyeachishwa ziwa juzijuzi tu, alipanda mapaja ya baba yake kama anayepanda kiti chake. Akamega tonge, akalitia mdomoni, akalitafuna nusu, akalitoa, akalikagua, kisha akamtia baba yake mdomoni.

"Asante, mama," Mrisho akasema, akameza.

Akamega tena. Akatafuna, akamlisha. Mate yalikuwa yamemchirizika mtoto hadi kiwiko, na Mrisho, mwanamume ambaye kwa Salha alikuwa akifuta kijiko kabla ya kukitumia, alifungua mdomo na kusubiri.

"Anafanya hivi kila siku?" Salha aliuliza.

"Kila tonge!" Riziki alicheka. "Baba yake akikataa, analia mpaka jirani anakuja. Nimekataza, nimechoka. Najua nyie wataalamu mtasema uchafu."

Salha hakusema uchafu. Aliona wivu, na kwa mara ya kwanza haukuwa wivu juu ya mume. Alimtazama yule mtoto alivyomwegemea baba yake bila kufikiri, akawaza vile vyumba vyake vitatu vinavyong'aa Isevya, na ile miaka yote ya vipimo na maombi iliyopita bila mtu wa kuvichafua. Kisha ile akili yake nyingine, ile ya kazini, ikamgusa bega. Alitoa leso, akamfuta Nyamizi mdomo kwa upole ambao hata Riziki aliushangaa, akaikunja, akaitia mkobani.

*

Alikimbilia maabara leso ikiwa bado mbichi na ya uvuguvugu, na tone moja la mate lilitosha. Alilidondoshea walezi waliolala, akaweka jicho, akangoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mmoja, katikati, akawaka. Jirani yake akawaka. Wawili wakawa kikundi, na kijani kikatambaa katika kisahani kizima huku Salha akiwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Jambo lenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi miaka mingi, na wao walikuwa wakipiga miayo. Mlezi ana vijilango katika ngozi yake, na humo ndimo unamopitia wito wa kuamka, chembe za kemikali zinazoelea nje. Aliyelala ana vijilango vichache mno. Wito upo nje unapiga kelele, yeye hasikii. Aliyeamka, kila anapoonja wito, hujenga vijilango vingine, akasikia zaidi, akajenga zaidi. Hivyo ndugu wawili, mama mmoja, tumbo moja, chakula kimoja, mmoja yuko kazini na mwingine amelala, na tofauti yao yote ni jinsi walivyoamkia jana. Tena mlezi akijigawa wawili, watoto wake hurithi vile vijilango. Havimo katika vinasaba. Vimo katika ngozi tu, kama mtu anavyorithi nyumba. Na yule wa kwanza kabisa, nani huamua awe yeye? Hakuna. Kwa kiumbe mdogo kiasi kile, chembe mbili tatu zikigonga mlango kwa bahati, maisha yanageuka.

Wito huu ulitoka kwa bakteria wengine, wenyeji wa mdomo wa mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni. Salha alijaribu kuukausha, ukafa. Akaugandisha, ukafa. Akauweka kwenye chupa, na kabla jua halijazama ulikuwa umepoa. Ulitaka kuwa wa moto, kutoka mdomo hadi mdomo, kila siku. Siku chache bila wito, walezi walirudi kulala.

Njia ilikuwa wazi. Mrisho akae Ng'ambo mpaka kidonda kifunge. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona. Kizuizi kilikuwa kimoja: Mrisho alikuwa mtu wa uadilifu kati ya wake zake hadi kufikia ujinga, na asingeruka zamu ya mke bila mke mwenyewe kuridhia, mguu uoze ukitaka. Neno moja la Salha lingetosha. Alilitafuta neno hilo na hakulipata. Akienda Ng'ambo akapona huko, akanenepa huko, atarudi Isevya kufuata nini? Mashine ya sahani?

Kulikuwa na njia nyingine, ya polepole. Wale bakteria wa mtoto wangeweza kuhamia kwa mtu mzima anayekula naye sinia moja kila siku bila kuruka wiki, miezi kadhaa. Salha mwenyewe angeweza kuwabeba, akaenda nao kwake. Alichotakiwa ni kukaa mkekani kwa Riziki kila mchana, akila tonge lenye mate ya mtoto wa mke mwenzie, majirani wakichungulia. Alipoiwaza, alicheka peke yake, na kicheko hakikuwa kizuri.

Ya tatu ilimjia taratibu, na aliipenda kabla hajamaliza kuiwaza. Mtoto aje kwake.

*

Ijumaa, zamu ya Riziki ilipoisha, alikwenda Ng'ambo amevaa koti jeupe. Alieleza kwa ile sauti ya Nyumba ya Walezi ambayo watu huitikia kabla hawajaelewa. Walezi, wito, mdomo wa mtoto. Mrisho alisikiliza akikodolea macho kisigino chake. Riziki alisikiliza akimkodolea Salha.

"Kwa hiyo wiki ya kwangu, Nyamizi atafuatana na baba yake," Salha alimaliza. "Wiki yako wanarudi wote."

"Kila wiki moja na moja," Riziki alisema. "Mpaka lini?"

"Mpaka kidonda kifunge. Na baada ya hapo tutaona."

Riziki alikuwa amemshika mtoto kifundo cha mguu, anakizungushia kidole bila kujua. "Hakuna njia nyingine, dada?"

Hapa Salha alikuwa na nafasi. Ilikuwa kubwa, ya kutosha mtu kupita na heshima yake yote. Alimtazama yule mwanamke anayeitwa Mama Nyamizi na mji mzima, wakati yeye anaitwa Daktari.

"Hakuna," akasema.

Riziki hakubisha na daktari. Aliingia chumbani, akatoka na nguo za mtoto zimefungwa ndani ya kanga. "Maziwa hapendi yakiwa na utando," alisema, haraka haraka. "Na halali bila kushika sikio la mtu. Usiku akiamka anapapasa, mpe tu sikio." Kisha akarudi ndani kabla hawajaondoka, na Mrisho akabeba mtoto na furushi bila kumtazama mke yeyote.

*

Siku ya kwanza Salha alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu aolewe, na tusimnyime. Alizima taa za zambarau zote. Aliuzima mlango wake unaopuliza. Alipika ugali na mlenda, akatandika mkeka mpya sebuleni, ambapo hapajawahi kutandikwa mkeka. Alimpa Nyamizi sikio lake mwenyewe, akalala upande mmoja mpaka shingo ikakakamaa, na hakusogea.

Lakini Nyamizi hakula. Alikaa pale mkekani ameshika tonge mpaka likakauka mkononi. Baba yake alifungua mdomo, akamchekesha, akajifanya ndege. Mtoto alimtazama, akaangalia mlango. Siku ya pili alikunywa maji tu na kulia. Siku ya tatu hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Huyu mtoto kaacha kuongea, Salha," Mrisho alisema. Alikuwa amekaa amenyoosha mguu, na harufu ya kidonda ilikuwa imeanza kuwatangulia mkekani.

"Atazoea."

"Nilimleta anitibu mimi. Sasa nani atamtibu yeye?"

Salha alichukua pamba, akampitishia mtoto mdomoni, akaenda maabara akiwa bado na kandambili. Bakteria walikuwamo. Walikuwa walewale, mashine ilithibitisha, wale wale wa Ng'ambo hadi herufi ya mwisho. Aliwadondoshea walezi. Akangoja. Akadondosha tena. Giza. Wenyeji wa mdomo ule mdogo, waliokuwa wakipiga kelele kiasi cha kuamsha tumbo zima la mtu mzima, walikuwa wamenyamaza. Mdomo mkavu, tumbo tupu, machozi, hofu. Walikuwa wameonja nyumba ngeni nao wakafunga vijilango vyao.

Alikuwa amemnyang'anya mtu mtoto, akabeba vyote, nyama na mifupa na vinasaba, na kile alichokitaka kilibaki kwenye mkeka wa Ng'ambo. Hakuna hakimu aliyewahi kumhukumu mtu vizuri kama kile kisahani. Na bado, akiwa amekaa pale anaona aibu mpaka masikioni, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa wivu. Hata vijidudu vinampenda Riziki!

*

Aliwarudisha mchana wa siku ileile, wiki yake ikiwa haijafika hata nusu. Riziki alikuwa uani anaanika michembe ya viazi vitamu. Alimpokea mtoto, na mtoto akamng'ang'ania shingoni kimya, na mama akamgeuzia Salha mgongo ili asionekane uso. Mrisho alikwenda kukaa kibarazani, ameegemeza mguu ukutani, amefumba macho.

"Nilikudanganya," Salha alisema kwa ule mgongo. "Uliniuliza kama kuna njia nyingine. Ilikuwapo. Zilikuwapo mbili."

Akasema zote. Kwamba Mrisho akae hapa, zamu zake yeye Salha ameziachia mpaka mguu upone. Kwamba yeye mwenyewe, kama Riziki ataruhusu, aje ale hapa kila mchana, sinia moja na mtoto, mpaka naye abebe ule wito mdomoni mwake. Alisema bila ile sauti ya Nyumba ya Walezi. Ilikuwa imemkimbia.

Riziki aligeuka. Hakuwa analia, kama Salha alivyotarajia. Alikuwa na hasira nyeupe, iliyotulia.

"Unajua nimekuonea wivu tangu lini?" alisema. "Tangu siku ya posa. Akija hapa, nusu ya maneno yake ni wewe. Salha kasema, Salha kagundua, Salha kaitwa Dodoma. Mimi nina nini? Sina shule, sina koti. Nilikuwa na kitu kimoja tu. Kwangu anapona, kwako anaumwa. Nilikuwa nakiangalia kile kidonda kikikauka, namshukuru Mungu, halafu nakushukuru wewe kwamba kwako hakikauki. Ndiyo, nilifurahi. Sasa na hicho unataka uje ukichukue, tena kwa kukila sahanini kwangu."

"Ndiyo," Salha alisema.

"Nikikataa?"

"Atabaki kwako. Mguu utapona, na mimi nitakuwa nimempoteza. Una haki."

Salha aliyasema hayo akijua kwamba ni kweli, na kila neno lilimuuma. Alisubiri. Alijikuta anamchukia Riziki kwa kuwa na uwezo wa kukataa, na anamhurumia, na anatamani afe, yeye au Riziki, yeyote wa karibu.

Riziki aliingia ndani. Kulisikika sufuria, mwiko, maji. Alitoka na sinia la ugali na mlenda, akaliweka mkekani kwa kishindo, akamkalisha Nyamizi, akampigia Mrisho kelele aje. Mtoto alitazama ugali, akamtazama mama yake, kisha akazamisha mkono mzima.

Salha alikuwa bado amesimama uani, mkoba begani, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kaa," Riziki alisema bila kuinua macho. "Mguu ni wetu sote wawili. Wivu, kila mtu abaki na wake."

Salha alivua viatu, akakaa, akala.